Stata Haizungushi Injini: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kuishusha

Huku kwetu Mtwara na Lindi, gari likikataa kupiga stata hukumu hutoka upesi: "Stata imekufa, tafuta nyingine." Inashushwa, inapelekwa kurewindiwa (kusukwa upya waya za ndani) au inaagizwa iliyotumika kutoka Dar es Salaam, inafungwa, na baada ya siku chache gari linagoma vilevile. Jambo hili huniuma, kwa sababu aliyelipa ni mtu mwenye hela ya kuhesabu, mara nyingi hela ya korosho aliyoingoja mwaka mzima, na amelipia kifaa kisicho na kosa. Stata ni kifaa kigumu. Kinachotangulia kuharibika pwani ni njia ya umeme inayoifikia: teminali za betri, waya mnene, na zaidi ya vyote waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Upepo wa bahari una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na shaba iliyokaa kwenye unyevu wa chumvi haidumu. Gari linalolala Shangani au Mikindani halikaguliwi kwa jicho lilelile la kukagulia gari la Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako adui ni vumbi.

Ninayoyaandika hapa yanahusu gari ambalo injini haizunguki, au inazunguka kwa shida, ukigeuza ufunguo. Kama injini inazunguka kwa nguvu yake yote lakini haiwaki, hiyo ni habari ya mafuta au plagi, na stata haihusiki.

Umeme unapita wapi

Kuna njia nyembamba na njia nene. Nyembamba huanzia kwenye swichi ya ufunguo, hupita swichi ya gia kwa gari la otomatiki (au swichi ya klachi kwa baadhi ya magari ya gia za mkono), huingia kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kisha huishia kwenye kipini kidogo cha solenoidi, ile silinda ndogo iliyobebwa mgongoni mwa stata. Solenoidi ikipata umeme hufanya kazi mbili kwa pamoja. Husukuma gia ya bendeksi (gia ndogo ya stata) hadi ing'ate meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini), na huunganisha vipande viwili vya shaba vilivyomo ndani yake. Vipande hivyo vikiunganishwa ndipo njia nene inapofunguka: umeme mkubwa unatoka kwenye betri, unapita waya mnene, unaingia kwenye kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwa kusugua) na kuzungusha amecha, ile sehemu ya stata inayozunguka.

Injini ndogo ya petroli, kama ya Toyota IST, huhitaji kiasi cha ampea 100 hadi 200 wakati wa kupiga stata. Dizeli ya Hilux au Land Cruiser huhitaji zaidi ya hapo. Na umeme wote huo lazima urudi kwenye betri. Hurudi kupitia mwili wa stata, mwili wa injini, na waya wa ethi hadi upande wa hasi. Mafundi wengi hukagua safari ya kwenda na kuisahau ya kurudi.

Kabla ya kugusa chochote, weka gia kwenye P au N, vuta hendibreki na utie jiwe kwenye tairi. Vua pete na saa ya chuma, kwa maana pete ikigusa spana iliyoshika upande wa chanya na bodi kwa wakati mmoja huwa nyekundu kwa joto ikiwa bado kidoleni. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, kwa hiyo sigara na kiberiti vikae mbali. Vifaa vyenyewe ni vichache: mita ya digitali, hata ile ya bei ndogo, spana namba 10 na 12, brashi ya waya, msasa, na taa ya kupimia uliyoitengeneza kwa balbu ya indiketa ya wati 21 na vipande viwili vya waya. Napenda balbu kubwa hiyo kuliko tesita za taa ndogo, kwa sababu inavuta umeme wa kutosha kuumbua waya ulioliwa ndani.

Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo

Hiki ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji mita. Simamisha gari likitazama ukuta, washa taa kubwa, mwambie mwenzako ageuze ufunguo hadi mwisho huku wewe ukitazama taa na kusikiliza.

Taa zikizima kabisa pale pale, kuna mahali umeme umekatika au umebanwa vibaya, na kwa kawaida ni teminali. Taa zikififia sana, ama betri haina nguvu, ama stata inavuta umeme mwingi lakini kuna kitu kinaizuia kuzunguka. Taa zikibaki zilezile, zinang'aa kana kwamba hakuna kilichotokea, basi hakuna umeme mkubwa unaotembea hata kidogo: tafuta kwenye njia nyembamba, au ndani ya stata yenyewe. Ukishajua hilo, nusu ya kazi imekwisha, na bado hujalala chini ya gari.

Kila kitu kinazima

Dashibodi ilikuwa inawaka, ukageuza ufunguo, giza. Baada ya dakika taa zinarudi zenyewe. Shika teminali ya betri kwa mkono na uizungushe. Ikichezacheza, umepata. Isipocheza, ifungue hata hivyo, kwa sababu unga mweupe au wa kijani hujificha ndani, kati ya teminali na nguzo ya risasi, mahali usipoona kwa nje.

Anza kufungua upande wa hasi, malizia upande wa chanya. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo ili kuua asidi, suuza, kausha, kisha sugua nguzo na ndani ya teminali kwa msasa hadi risasi ing'ae. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza, halafu ndipo upake grisi au vaselini juu. Ukipaka kabla ya kukaza hujaharibu, ila kinachogusana kinatakiwa kuwa chuma kwa chuma, na grisi kazi yake ni kuzuia hewa ya chumvi isiingie baadaye.

Tazama pia jinsi teminali ilivyoungwa na waya wake. Teminali za kununua dukani, zile zinazobana waya kwa nati mbili, hulegea na kuoza upesi sana huku pwani. Kama unaweza kupata ya kubanwa au kuyeyushiwa risasi, lipia hiyo.

Tatatata

Solenoidi inagonga haraka haraka na taa zinafifia kwa kufuata mdundo huo. Maana yake betri ina nguvu ya kuivuta solenoidi lakini njia nene ikifunguka volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Stata haina kosa hapa. Tatizo ni betri, au muunganisho mbovu unaofanya betri ionekane mbovu.

Pima betri ikiwa imepumzika, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya hapo usitegemee kupiga stata. Weka ncha za mita kwenye nguzo zenyewe za risasi, si kwenye teminali. Kisha mwenzako apige stata ukiwa unatazama mita. Isishuke chini ya 9.6. Betri inayosoma 12.5 ikiwa imepumzika, halafu inaanguka hadi 7 au 6 stata ikipigwa, imechoka ndani hata kama ilichajiwa usiku kucha.

Lakini usiishie kusema betri imekufa. Uliza imekufaje. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, magari hupanga foleni kwenye maghala: dereva anawasha, anasogea hatua chache, anazima, anawasha tena, redio ikiwa wazi mchana kutwa. Kila kuwasha kunakula chaji, na alteneta, inayochaji betri injini ikiwaka, haipati muda wa kurudisha. Betri ya namna hiyo inahitaji kuchajiwa tu, haihitaji kununuliwa nyingine. Gari likishawaka, pima tena kwenye nguzo: kati ya 13.8 na 14.5 alteneta inafanya kazi. Ikibaki 12 na kitu, ugonjwa uko kwenye alteneta, mkanda wake au fyuzi yake, na betri mpya utakayoifunga itakufa vilevile.

Kuna na suala la maji. Kwa betri za kufungua, ongeza maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya chupa. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi na madini, na yanaua sahani za betri polepole. Asidi nayo isiongezwe ovyo. Kinachopungua kwa joto ni maji. Asidi imebaki mle mle, na ukiongeza nyingine unazila sahani.

Ukitaka kubusti, yaani kuwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine, gari zima na gari bovu yasigusane. Unganisha waya mwekundu kwenye chanya ya betri mbovu, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho uifunge kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, ili cheche ya mwisho isitokee penye gesi. Kwa Fuso na malori mengine ya volti 24, zile betri mbili zimefungwa mfululizo, na lori la namna hiyo halibusti gari la volti 12. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, usipoteze nguvu za vijana wa mtaani.

Inazunguka kwa kusuasua

Hapa ndipo stata nyingi nzima hufunguliwa bure. Injini inazunguka kama imechoka, betri ukiipima ni nzuri, na hitimisho linakuwa kaboni au bushi (pete zinazoshika ncha za amecha). Inawezekana. Lakini kwanza pima upotevu wa volti kwenye waya, kipimo ambacho kila fundi umeme wa pwani angekuwa nacho mkononi kabla ya spana.

Waya uliooza ndani unaweza kusoma volti 12 kamili kwenye mita wakati hakuna umeme unaotembea. Uongo wake unajitokeza ukibebeshwa mzigo. Kwa hiyo usipime volti ya stata kwa kulinganisha na ethi tu, pima waya wenyewe, ncha hadi ncha, wakati stata inapigwa. Ncha nyekundu ya mita iwe juu ya nguzo ya chanya ya betri, ncha nyeusi kwenye bolti kubwa ya stata inayoshika waya mnene. Mwenzako apige stata. Mita ikionyesha chini ya 0.5, waya ni mzima. Ikionyesha 1 au 2, waya au miunganisho yake inakula volti ambazo zilikuwa za stata. Kisha hamia upande wa kurudi: ncha nyekundu kwenye mwili wa stata, nyeusi kwenye nguzo ya hasi. Hapo nisingekubali zaidi ya 0.3.

Fanya hesabu uone. Muunganisho wenye kutu ya omu 0.02 tu, ambayo mita ya kawaida haiwezi hata kuisoma vizuri, ukipitishiwa ampea 150 unakula volti 3. Stata iliyotakiwa kupata 10 inapata 7. Na volti hizo hazipotei hewani: volti 3 mara ampea 150 ni wati 450 za joto kwenye sehemu moja ndogo. Ndiyo maana baada ya kupiga stata mara mbili tatu unaweza kupitisha mkono kwenye miunganisho (kwa tahadhari) na ile yenye joto ikajitaja yenyewe.

Ethi ya injini ndiyo ninayoianza kuishuku kwa magari yanayobeba samaki. Maji ya barafu yenye chumvi yanachuruzika kutoka kwenye kereti, yanafika kwenye chasisi, na waya wa ethi uliosukwa unakuwa mweusi kisha unakatika uzi mmoja mmoja. Magari yanayoteremka kwenye mchanga wa Msimbati yana tatizo hilo hilo. Salfa ya unga inayopelekwa mashambani nayo huifanya shaba iliyo wazi kuwa nyeusi, kwa hiyo pikapu iliyobeba salfa msimu mzima ikaguliwe chini ya boneti na chini ya bodi. Jaribio la haraka ni kuchukua waya mmoja wa kubusti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Stata ikipata nguvu ghafla, badilisha waya wa ethi, sugua mahali unapofungiwa mpaka chuma kionekane, na kazi imekwisha.

Kama nyaya zote ni nzima, betri ni nzima, na bado inasuasua, sasa stata inaruhusiwa kushukiwa. Bushi zikilika, amecha hulegea na kuanza kusuguana na kuta za ndani, na umeme unaovutwa unapanda. Dalili yake ni kusuasua pamoja na stata kupata joto kali upesi.

Gari linalopiga stata vizuri asubuhi na kugoma ukisimama njiani, tuseme Mnazi Mmoja, baada ya mwendo mrefu kutoka Masasi, halafu likakubali tena baada ya nusu saa, linakuambia habari ya joto. Koili ya solenoidi ikipata moto inaongeza ukinzani na kuvuta kwa nguvu ndogo, na stata nyingi zinakaa karibu na bomba la moshi. Angalia kama lile bati la kuzuia joto bado lipo. Mara nyingi liliondolewa na mtu aliyeona linamchelewesha, likatupwa.

"Ta!" moja, kisha kimya

Unasikia mlio mmoja mzito wa kugonga, taa hazitikisiki. Unageuza tena, ta! tena. Mara ya sita au ya kumi injini inazunguka kana kwamba hakukuwa na tatizo. Kwa Toyota zenye stata ya gia za ndani za Denso, dalili hii ni maarufu na chanzo chake karibu kinajulikana kabla ya kufungua: vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimelika.

Kila mara njia nene inapofunguka na kufungwa, cheche huila shaba kidogo. Kipande kimoja hulika zaidi ya mwenzake, ile sahani inayokuja kuviunganisha inagusa upande mmoja na kuning'inia upande wa pili. Solenoidi imevuta, umesikia, lakini umeme mkubwa hauna pa kupita. Ndiyo maana taa hazififii.

Thibitisha kwa mita. Kwenye solenoidi kuna bolti mbili kubwa: moja inapokea waya mnene wa betri, nyingine inatoa umeme kwenda ndani ya stata. Weka ncha nyeusi kwenye mwili wa stata, nyekundu kwenye bolti ya kupokea, piga stata: usome karibu 12. Hamishia nyekundu kwenye bolti ya kutoa, piga tena. Ukisoma sifuri au kitu kinachorukaruka, shaba zimekwisha. Ukisoma 12 pande zote na stata haizunguki, umeme umefika mlangoni mwa amecha na umekataliwa: kaboni zimekwisha, zimekwama kwenye nyumba zake, au amecha imekatika waya.

Shaba hizi zinauzwa peke yake, na kuzibadilisha hakuhitaji kununua stata. Unaishusha stata, unafungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi chenye skrubu tatu, unatoa plunja (chuma kinachosogea ndani ya solenoidi) na sahani yake, unafungua nati za bolti mbili, unaweka shaba mpya. Zikae usawa mmoja kabla hujakaza, la sivyo umeurudisha ugonjwa uleule kwa sura mpya. Sahani ya plunja ikiwa na mashimo, ibadilishe pia. Nimeona watu wakigeuza shaba za zamani au kuziongezea juu kwa kuchomelea. Inasogeza siku tu.

Kaboni ukizifungua utaona zenyewe. Zikiwa zimefika karibu nusu ya urefu wa mpya, au springi haizisukumi tena, badilisha zote kwa pamoja. Safisha vumbi lake jeusi, kwa sababu linapitisha umeme, na pitisha msasa laini kwenye shaba ya amecha mahali kaboni zinapogusa. Kuna tabia ya kugonga stata kwa nyundo ili izunguke. Inasaidia kweli wakati mwingine, kaboni iliyokwama inashtuka na kugusa. Lakini stata nyingi za siku hizi zina sumaku za kudumu ndani zinazopasuka kwa pigo kali, na hapo ndipo stata inakufa kweli. Gonga polepole kwa ubao au mpini, ufike nyumbani, kisha uishushe.

Kimya, na taa zinang'aa

Hakuna hata mlio wa kugonga. Njia nyembamba imekatika. Kabla ya kuinama, hamisha gia ya otomatiki kutoka P kwenda N na ujaribu tena. Ikikubali kwenye N, swichi ya gia imechakaa au imesogea. Kwa gari la kuwasha kwa kitufe, kanyaga breki na umwombe mtu atazame taa za nyuma. Taa za breki zisipowaka, gari halijui kwamba umekanyaga na halitapiga stata, hata betri iwe mpya. Tatizo hili hutibiwa kwa swichi ndogo ya pedali au fyuzi, ilhali watu wameshafungua hadi stata.

Baadaye fuata rilei. Rilei ya stata mara nyingi ina mwenzake wa aina moja kwenye kisanduku kilekile, kama ya honi. Hakikisha namba zinafanana, badilishana, jaribu. Kisha nenda kwenye kipini kidogo cha solenoidi, chomoa waya wake, unganisha taa ya kupimia kati ya waya huo na ethi, na mwenzako apige stata. Balbu ikiwaka kwa nguvu na solenoidi ukiirudishia haigongi, koili yake imekufa. Balbu ikiwaka kwa unyonge au isipowaka, rudi nyuma kidogo kidogo: rilei, swichi ya gia, swichi ya ufunguo. Tazama kwa makini chini ya usukani. Alamu na vifaa vya GPS vya kufuatilia gari hufungwa kwa kukata waya huu huu wa stata, na kiungo kilichosokotwa na kuzungushiwa tepu huoza kwa unyevu wa hapa kwetu kabla ya miaka mingi kupita.

Kuruka njia kwa bisibisi, yaani kuunganisha bolti kubwa na kipini kidogo, ni kipimo halali na ni hatari. Gari likiwa kwenye gia litaruka na kukukanyaga. Fanya tu ukiwa umethibitisha gia iko huru kwa kulisukuma gari, na usiwe mbele ya tairi.

Inazunguka yenyewe, inakwaruza, au haikomi

Mlio mwembamba wa stata inayozunguka peke yake bila kushika injini ni bendeksi inayoteleza. Klachi yake ya ndani imechoka, na haitengenezeki kwa maana, hubadilishwa. Ukisikia mkwaruzo wa chuma, usiendelee kupiga. Meno ya bendeksi au ya flaiwili yamelika, na kila jaribio linaongeza gharama, kwa kuwa meno ya flaiwili yakiisha itabidi gia boksi ishushwe. Zungusha injini kidogo kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini), jaribu tena: ikishika sehemu nyingine vizuri, basi ni flaiwili iliyolika mahali pamoja. Angalia pia bolti zinazoishika stata, zikilegea inakaa upande.

Stata isiyokoma hata ufunguo ukiutoa ni dharura. Shaba za solenoidi zimeshikana kwa kuyeyuka, au rilei imeganda. Fungua teminali ya hasi mara moja. Spana namba 10 ikae kwenye droo ya dashibodi, si kwenye buti chini ya mizigo, kwa sababu waya mnene unaweza kushika moto kabla hujaifikia.

Injini yenyewe imekwama

"Ta!" moja, taa zinafifia sana, na stata ukiijaribu nje inazunguka vizuri. Weka spana kwenye bolti ya puli ya krenki na ujaribu kuzungusha injini kwa mkono. Ikikataa kabisa, acha stata.

Mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya mnamo Mei 2024 zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na misimu mingine maji hupita juu ya barabara zetu za ndani. Gari likivuka maji yaliyofika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, maji huingia kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Injini inasimama ghafla. Dereva akilazimisha stata, anapinda konrodi (mkono unaoshika pistoni). Toa plagi zote (kwa dizeli, nozeli au plagi za joto), zungusha kwa mkono maji yatoke, angalia rangi ya oili kwenye kijiti. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, oili imwagwe kabla ya jaribio lolote. Kompresa ya kiyoyozi iliyokwama nayo, kwenye magari ambayo mkanda huizungusha muda wote, inaweza kuibana injini. Vua mkanda, jaribu tena.

Ukiirudisha stata

Kabla ya kuifunga, jaribu stata chini, ukiibana kwa mguu au kwenye vaisi maana inaruka, kwa waya za kubusti na betri nzuri. Bendeksi itoke mbele mara moja na izunguke bila kusita. Sugua uso wa stata unaokutana na gia boksi, na tundu zake za bolti, kwa kuwa hapo ndipo inapopata ethi, na rangi mpya iliyopuliziwa na aliyeirewindi huzuia umeme. Ikishafungwa, rudia vile vipimo viwili vya upotevu wa volti, uandike namba kwenye karatasi uibandike chini ya boneti. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, ipumzike kama dakika moja katikati. Na kwa gari linalolala karibu na bahari, fungua na usafishe teminali na ethi kila kabla ya masika na kila yanapokwisha.